Kompyuta Imegoma Kuwaka Baada ya Sasisho la BIOS: Usikubali Diski Ifomatiwe

Jana usiku laptopu ilikuwa nzima. Ulipotaka kuizima ikakuandikia kwamba kuna masasisho yanasubiri, ukakubali, ukaenda kulala. Asubuhi unabonyeza swichi: taa inawaka, feni inavuma, kioo kimebaki cheusi. Au nembo ya kampuni inatokea kisha hakuna kinachoendelea. Au yanakuja maandishi ya Kiingereza yanayosema diski haionekani. Hapo ndipo watu wengi huanza kuibonyezabonyeza, kuchomoa na kuchomeka, halafu wakaikimbiza kwa fundi wa kwanza aliye jirani, naye hata kabla hajaifungua anasema, "Hii tuipige Windows upya."

Usikubali, angalau si kwa haraka hiyo. Sasisho linaloiacha kompyuta katika hali hii mara nyingi ni la programu dhibiti, ile tuliyozoea kuiita BIOS, ambayo kwenye mashine za miaka ya karibuni jina lake hasa ni UEFI. Programu hiyo haikai kwenye diski. Inakaa kwenye chipu nyeusi yenye miguu 8 iliyochomelewa juu ya mazabodi, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, mara nyingi yenye ujazo wa MB 16 au 32. Kazi yake ni kuamsha prosesa, kupima ramu, kutambua diski na kibodi, kisha kuikabidhi kompyuta kwa Windows au Linux. Picha za harusi, hesabu za duka na tasnifu ya chuo viko kwenye diski, na sasisho la BIOS haliandiki chochote kwenye mafaili hayo. Anayefomati diski ili kutibu BIOS amefuta mali yako, na ugonjwa ameuacha palepale.

Mwenye kompyuta husema, "Mimi sijagusa BIOS," na anasema kweli. Siku hizi Windows Update huleta programu dhibiti pamoja na masasisho mengine, na kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo fwupd. HP, Dell na Lenovo nao huweka ndani ya mashine zao programu zao za kutafuta masasisho. Unachokiona wewe ni mashine kuzima na kuwaka, basi.

Wala dawa si kuyakataa masasisho hayo moja kwa moja. Mwaka 2024 Intel ililazimika kutoa marekebisho kupitia BIOS kwa prosesa zake za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na 14, ambazo zilikuwa zikipata volti ya kupita kiasi na kuharibika. Prosesa iliyokwisha kuharibika haikuweza kuponywa na sasisho. Halafu kuna vyeti vya Secure Boot, ule ulinzi wa hatua ya kuwasha kompyuta, vilivyotolewa mwaka 2011, ambavyo vinaanza kuisha muda Juni 2026, na hilo limewafanya watengenezaji watoe masasisho kwa mashine nyingi. Kwa hiyo jambo hili litawafikia watu wengi zaidi, wakiwemo wasiojua kabisa kwamba kompyuta yao ina kitu kinaitwa BIOS.

Subiri kwanza

Kazi ya kuandika upya chipu ile ni ya dakika chache, lakini haiendi kwa mkupuo mmoja. Mashine inaweza kujizima na kujiwasha mara kadhaa, kioo kikawa cheusi kwa muda, na feni ikavuma kwa nguvu zote. Baada ya BIOS yenyewe huenda ikafuata programu ya chipu inayosimamia chaja na kibodi, kisha nyingine tena. Kwenye kompyuta mpya za mezani zenye ramu za DDR5, BIOS mpya hulazimika kuipima ramu upya tangu mwanzo, na zoezi hilo linaweza kuchukua dakika kadhaa huku kioo hakionyeshi kitu, hasa ukiwa na ramu nyingi. Mtu asiyejua hilo anadhani mashine imekufa, anachomoa waya, na kwa kuchomoa ndiyo anaiua kweli.

Ushauri wangu ni nusu saa nzima. Chaja iwe imechomekwa, usifunge kifuniko, usibonyeze kitu. Ukiwa na simu, piga picha za taa zinavyowaka na chochote kilichoandikwa kwenye kioo, kwa sababu fundi au mtengenezaji atakuuliza.

Kwetu kuna tatizo jingine ambalo miongozo ya watengenezaji hailipi uzito unaostahili: umeme. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue, zile HP EliteBook, Dell Latitude na ThinkPad zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani, ni mashine imara lakini betri zake zimechoka. Zinaishi kwa chaja. Programu ya kusasisha kwa kawaida hukagua kama chaja imechomekwa na betri ina kiasi fulani cha chaji, Dell kwa mfano hutaka angalau asilimia 10, na betri isipofika hapo hukataa kuendelea. Ila betri iliyochoka inaweza kuonyesha asilimia 60 kisha ikazima ghafla chaja inapokosa umeme. Stima ikikatika katikati ya kazi, chipu inabaki nusu imeandikwa. Ukijua kwamba umeme ulikatika usiku ule, usipoteze muda kutafuta sababu nyingine; nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kurejesha BIOS hapa chini.

Ikiwa inaandika chochote, habari ni nzuri

Kompyuta inayoonyesha maandishi, hata yawe ya kutisha, BIOS yake iko hai. Sasisho limekamilika, kilichovurugika ni mipangilio. Baadhi ya masasisho hurudisha mipangilio yote ilivyotoka kiwandani, na kama fundi aliyekuwekea Windows aliibadilisha, BIOS mpya haijui tena ianzie wapi.

Chukua mfano wa HP. Inakuandikia kwamba kifaa cha kuwashia hakikuonekana, tafadhali weka mfumo endeshi kwenye diski yako, na chini yake namba 3F0. Soma tena maneno hayo: mashine yenyewe inakuambia uweke Windows upya. Ndiyo maana watu wanaipiga Windows bila kufikiri mara mbili. Lakini mara nyingi diski iko pale, na Windows iko ndani yake. Kilichobadilika ni namna ya kuwasha. Laptopu nyingi za zamani zilipigwa Windows kwa mtindo wa kale uitwao Legacy, na BIOS ikirudi kwenye mpangilio wa kiwandani inatafuta kwa mtindo wa UEFI, haioni kitu, inakata tamaa.

Ingia kwenye mipangilio: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, F2 au Delete kwa nyingine nyingi. Kitufe hicho kinabonyezwa mfululizo tangu sekunde unapowasha. Ukishaingia, tafuta kama jina la diski linaonekana. Likionekana, pumua. Angalia sehemu ya Boot: kama kuna chaguo la Legacy au CSM lililozimwa, na unajua mashine ni ya zamani, liwashe, hifadhi, jaribu. Lisipofaa, lirudishe lilivyokuwa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kabla ya kubadilisha piga picha ya ukurasa huo kwa simu.

Kwenye HP, ukibonyeza F2 badala ya F10 utapata vipimo vya vifaa, na humo kuna kipimo cha diski. Diski ikifaulu kipimo hicho, mtu akikuambia imekufa una jibu la kumpa.

Dell wana kisa chao. Windows inaanza, vidoti vinazunguka, kisha kioo kinageuka bluu na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hapo tafuta sehemu inayoitwa SATA Operation au Storage. Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye RAID, na mafundi wengi huzihamishia AHCI ili Windows iweze kuiona diski wakati wa kuiweka. BIOS ikijirudisha kwenye RAID, Windows inakosa njia ya kuifikia diski yake. Ukibadilisha chaguo hilo pekee mashine inaweza kuwaka papo hapo, na kila kitu chako kiko mahali pake. Nimeona watu wamelipia kazi ya kuokoa mafaili kwa kosa hilihili linalotibika kwa kubonyeza mara mbili.

Kisha kuna ukurasa wa bluu unaodai ufunguo wa BitLocker. Huo si uharibifu. Ndani ya kompyuta kuna chipu ya usalama, TPM, ambayo hukumbuka hali ya BIOS ilivyokuwa. BIOS ikibadilika, inadhani huenda mtu mwingine anaichezea mashine, na inataka uthibitishe kwamba ni wewe. Ufunguo wenyewe una tarakimu 48, katika makundi 8 ya tarakimu sita sita. Kwa simu yako fungua aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa kompyuta hiyo, na ulinganishe kitambulisho kilichoandikwa kwenye kioo na kile kilicho kwenye orodha. Kompyuta ya kazini, waulize wahusika wa TEHAMA. Ikiwa aliyekuandalia laptopu siku ya kununua alitumia akaunti yake mwenyewe, ufunguo uko kwake, na inabidi umtafute.

Ufunguo ukikosekana kabisa, ukweli ni mchungu: yaliyomo hayafunguki. Usimpe pesa mtu anayekuahidi kuivunja BitLocker kwa programu aliyonayo kwenye flashi.

Taa inawaka, kioo cheusi

Hapa kazi inaanza kuwa nzito kidogo. Zima mashine kabisa, toa chaja, chomoa flashi, mausi, printa, kadi ya kumbukumbu. Kama betri inachomoka, itoe. Kisha bonyeza swichi ya kuwashia uishikilie kwa sekunde 30. Lengo ni kumaliza umeme uliobaki ndani ya saketi ili chipu ndogo zinazosimamia chaja na kibodi zianze upya. ThinkPad nyingi zenye betri ya ndani zina tundu dogo chini ya mashine kwa ajili hiyo: ingiza ncha ya klipu ya karatasi iliyonyooshwa, bonyeza taratibu, kisha subiri kama dakika moja. Rudisha chaja peke yake na uwashe.

Ikibaki nyeusi, iunganishe kwa waya wa HDMI na televisheni. Zima taa za chumbani na umulike kioo kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona maandishi hafifu, tatizo ni mwanga wa kioo, na BIOS haihusiki.

Kwa kompyuta ya mezani, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwenye mazabodi kwa dakika chache, kisha uirudishe. Mazabodi nyingi pia zina pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS au CLRTC, ambazo zikigusanishwa kwa bisibisi kwa sekunde 5 hadi 10, waya wa umeme ukiwa nje, hufanya kazi hiyohiyo. Chomoa na uchomeke ramu upya ukiwa hapo.

Jambo moja mafundi wengi hulichanganya: kutoa betri ile kunafuta mipangilio ya BIOS, hakufuti wala hakurekebishi BIOS yenyewe. Kama chipu imeandikwa nusu, unaweza kuitoa betri hiyo kutwa nzima na mashine itabaki vilevile. Fundi anayekushikia laptopu kwa siku tatu "betri ya BIOS ipumzike" hana anachofanya.

Sasa hesabu taa. Kwenye laptopu nyingi za HP, mwanga wa Caps Lock hupepesa kwa mafungu: ukipepesa mara mbili, ukatulia, ukarudia mara mbili, BIOS imeharibika, mara tatu ni ramu. HP mpya zaidi hutumia mwanga mwekundu kisha mweupe, na hapo mafungu yana maana nyingine. Dell hutumia taa ya betri, rangi ya chungwa kisha nyeupe. Chungwa mara 2 na nyeupe mara 2 ni BIOS. Chungwa mara 2 na nyeupe mara 3 maana yake ramu haijaonekana. Chungwa mara 3 na nyeupe mara 3 maana yake mashine ilijaribu kujirejeshea BIOS haikupata nakala, na 3 kwa 4 ni kwamba imepata nakala lakini mbovu. Chukua video ya taa hiyo kwa simu na uitazame polepole, maana ukihesabu kwa macho ni rahisi kukosea.

Kuirejesha BIOS kwa flashi

Mashine nyingi za ofisi za miaka kumi na kitu iliyopita zina sehemu ndogo ya BIOS ambayo sasisho haliigusi, na kazi yake ni kuokoa sehemu iliyobaki. Watu hawaijui kwa sababu hakuna kitufe kilichoandikwa jina lake.

Utahitaji kompyuta nyingine na flashi. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, andika namba ya mashine iliyobandikwa chini yake, upakue BIOS ya modeli hiyohiyo. Herufi moja ikizidi kwenye jina la modeli, hiyo ni mashine nyingine. Flashi ifomatiwe kwa FAT32. Ya GB 32 au pungufu inakurahisishia, kwani kidirisha cha kawaida cha kufomati cha Windows kwa muda mrefu kimekataa kutoa FAT32 zaidi ya hapo. Na hakikisha unafomati flashi, si diski ya mwenye kompyuta uliyoazima.

Kwa HP, ukifungua faili la BIOS ulilopakua linakupa chaguo la kutengeneza flashi ya kurejesha, litumie. Flashi ikiwa tayari, ichomeke kwenye laptopu iliyogoma ikiwa imezimwa, chaja ikiwa ndani. Shikilia kitufe cha Windows pamoja na B, na ukiwa umevishikilia bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 2 au 3, kisha achia swichi lakini endelea kushikilia vile viwili. Kioo kinaweza kubaki cheusi kwa sekunde kama 40, na huenda ukasikia milio. Hapo ndipo wengi huacha vitufe wakidhani imeshindikana. Endelea kungoja.

Kwa Dell, faili unalibadilisha jina liwe BIOS_IMG.rcv na kulinakili kwenye flashi. Zima, chomoa chaja, shikilia Ctrl na Esc, kisha chomeka chaja huku umevishikilia. Achia ukurasa wa kurejesha BIOS unapotokea. Kabla hata ya kuandaa flashi jaribu bila flashi, kwa sababu Dell nyingi huweka nakala ya kurejesha kwenye diski, sababu nyingine kubwa ya kutoifomati. Kwenye Dell za mezani vitufe ni vilevile, ila unawashia kwa swichi.

Wenye kompyuta za mezani za kujiundia wana bahati zaidi. Mazabodi nyingi za siku hizi zina kitufe nyuma kinachoandika BIOS hata kama hakuna prosesa wala ramu, mradi umeme upo. Kila kampuni inataka jina lake la faili: MSI wanataka MSI.ROM, Gigabyte wanataka GIGABYTE.bin, ASRock creative.rom, na ASUS huambatanisha kiprogramu kiitwacho BIOSRenamer kinacholipa faili jina linalotakiwa. Flashi inawekwa kwenye tundu lile lililowekewa alama, si jingine lolote. Kwa ASUS unashikilia kitufe kwa sekunde 3 mpaka taa ipepese mara tatu. Taa ikipepesa kidogo tu kisha ikatulia imewaka, faili au flashi ina kasoro. Gigabyte kadhaa zina hata chipu mbili za BIOS, moja ya akiba.

Mac zinakwenda njia nyingine kabisa. Mac yenye chipu ya T2 au chipu za Apple yenyewe ikigoma baada ya sasisho, inaunganishwa kwa waya wa USB-C na Mac nyingine, inawekwa katika hali maalumu ya urejeshaji iitwayo DFU, kisha inahuishwa kwa Apple Configurator au, kwenye macOS za karibuni, kwa Finder. Kuna machaguo mawili pale: Revive, ambalo huandika upya programu dhibiti na kuyaacha mafaili yako, na Restore, ambalo hufuta kila kitu. Mwambie fundi aanze na la kwanza, na usimame hapo akilibonyeza.

Ikifika kwa fundi wa chipu

Ikiwa haya yote hayakusaidia, chipu inabidi iandikwe kutoka nje. Kwa fundi anayeijua kazi yake si jambo kubwa. Anafungua mashine, anatenganisha betri, anaitafuta ile chipu ya miguu 8, anaibana kwa kibanio chenye meno 8 ya shaba kilichounganishwa na kidude cha USB, mara nyingi kile cha bei rahisi kiitwacho CH341A, kisha anasoma na kuandika kupitia kompyuta yake. Jino moja la kibanio likikaa upande, data inasomeka vibaya, ndiyo maana fundi makini husoma chipu mara mbili na kulinganisha nakala hizo kabla hajaandika chochote.

Nakala hiyo ya kwanza, hata kama ni ya BIOS mbovu, ni dhahabu. Ndani yake kuna namba ya mashine, leseni ya Windows iliyotoka nayo kiwandani, na kwenye mashine nyingi anwani ya kadi ya mtandao. Fundi akiandika moja kwa moja BIOS aliyoipata mtandaoni iliyosomwa kutoka mashine ya mtu mwingine, laptopu yako inaweza kuwaka huku ikijitambulisha kwa namba ya mtu huyo, leseni ya Windows ikawa yake, hata nenosiri la BIOS likawa lake. Fundi mzuri huchukua sehemu iliyoharibika tu kutoka faili la mtengenezaji, na kuziacha taarifa za mashine yako kama zilivyo.

Kwa hiyo kabla hujamwachia, muulize maswali matatu. Utahifadhi nakala ya chipu kabla ya kuandika, na utanipa? Chipu yangu ni ya volti 3.3 au 1.8? Utaigusa diski? La volti si la kumtega: laptopu nyingi za karibuni zina chipu za volti 1.8, zinazohitaji adapta, na CH341A nyingi nyeusi zinajulikana kwa kupeleka volti 5 kwenye nyaya za data, kiasi cha kuweza kuiunguza chipu. Asiyejua tofauti hiyo bado hajafikia kazi hii. Kuhusu diski, jibu sahihi ni hapana. Bora zaidi, mwombe aitoe mbele yako uondoke nayo; laptopu nyingi za mtumba diski yake inatoka kwa skrubu moja au mbili, na BIOS inarekebishika bila diski kuwepo.

Kama mashine ingali ndani ya waranti, usiifungue wala usimruhusu yeyote aifungue. Sasisho lililoletwa na mtengenezaji kupitia njia yake mwenyewe likiiua mashine, huo ni mzigo wa mtengenezaji. Nenda na risiti, tarehe ya tukio na picha za taa. Muuzaji akikujibu kwamba "umeichezea", mwambie sasisho lilikuja kwa Windows Update, na kumbukumbu yake iko kwenye historia ya masasisho pindi mashine itakapowaka.

Wakikuambia mazabodi imekufa inunuliwe nyingine, uliza kwanza kama chipu ilisomwa. Aprili 26, 1999 kirusi kilichoitwa CIH, kazi ya mwanafunzi wa Taiwan aliyeitwa Chen Ing-hau, kilifuta BIOS za kompyuta katika nchi nyingi kwa siku moja, na mazabodi nyingi zilitupwa kwa sababu tu chipu zake zilikuwa zimechomelewa na vifaa vya kuziandika upya havikuwa mikononi mwa watu. Leo kifaa hicho kinapatikana kwa urahisi. Kuna mazabodi zinazokufa kweli, lakini kwa tatizo lililoanza dakika ileile ya sasisho, chipu ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Ikishawaka

Rekebisha saa na tarehe kabla ya kufungua kivinjari. Saa ikirudi nyuma miaka, tovuti za benki na barua pepe zitakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Nakili mafaili yako siku hiyohiyo. Kisha angalia kama Windows haijapanga kuleta sasisho lilelile tena usiku: lisimamishe kwa muda kwenye mipangilio ya Windows Update, na kwenye Dell, ndani ya BIOS, kuna chaguo la UEFI Capsule Firmware Updates unaloweza kulizima hadi utakapokuwa tayari. Lenovo nao wana linalofanana nalo.

Ukiwa tayari, fanya mchana, siku ambayo hakuna mgawo wa umeme uliotangazwa, betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, au UPS kwa kompyuta ya mezani. Betri iliyochoka ibadilishwe kwanza. Andika ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, uweke mbali na laptopu, kisha sitisha BitLocker kwa muda kupitia Control Panel, kwenye chaguo la Suspend protection, ili isikuulize ufunguo BIOS ikibadilika. Sasisho likimalizika na mashine ikawaka salama, rudi palepale uhakikishe ulinzi umewashwa tena.